Somo na wodi yake visiachane

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme jambo lililonikaa moyoni kwa miaka mingi. Mimi ni muuguzi wa wodi ya magonjwa ya ndani. Nina miaka 22 kazini, na kwa 14 kati ya hiyo nimekuwa mlezi wa wanafunzi wa uuguzi wa vitendo, yaani ngazi ya uuguzi iliyo chini ya muuguzi aliyesajiliwa, wanaoletwa kwetu kujifunza. Huja asubuhi, sare zimenyooka kwa pasi, saa imebanwa kifuani, kijitabu cha vitendo mkononi. Kabla sijawaonyesha hata chumba cha dawa huwauliza swali moja: "Wiki iliyopita darasani mlisoma nini?"

Kuna kundi lililonijibu kuwa walikuwa wanasoma ujauzito na kujifungua. Wodi yangu ni ya watu wazima wenye moyo ulioshindwa kazi, kisukari, nimonia, kiharusi. Baadhi ya magonjwa hayo walikuwa wameyapita miezi saba nyuma, mengine hawajayafikia. Wakati huohuo wenzao waliokuwa wakifundishwa kisukari darasani walikuwa wamepelekwa wodi ya wazazi. Ratiba ya darasa ilitengenezwa na ofisi moja, ratiba ya wodi na ofisi nyingine, na wenye ofisi hizo hawakuketi meza moja hata siku moja. Hilo ndilo limenifanya nishike kalamu. Kupanga somo lipi lifuate lipi, na wodi ipi iendane na somo lipi, huchukuliwa kama kazi ya kujaza jedwali. Kwangu mimi ndiyo kazi nzito kuliko zote chuoni, kwa sababu mgonjwa ndiye anayebeba makosa yake.

Mafunzo ya muuguzi wa vitendo ni mafupi. Kwingine ni mwaka mmoja hivi, kwingine hufika miwili au zaidi. Ndani ya muda huo mtu anatakiwa ajue mwili wa binadamu, misingi ya uuguzi, lishe, dawa, magonjwa ya ndani na upasuaji, uzazi, watoto, afya ya akili, utunzaji wa wazee na afya ya jamii. Jimbo la California, Marekani, limeweka kwenye kanuni zake saa zisizopungua 1,530: 576 za nadharia na 954 za vitendo. Yaani kwa kila saa ya darasani, karibu saa moja na dakika 40 za vitendo. Naupenda mgawanyo huo, maana unakiri kwamba kazi hii hukaa mikononi. Lakini idadi ya saa haisemi lolote kuhusu mfuatano. Unaweza kuzitimiza saa zote na bado ukatoa muuguzi ambaye kila alichosoma alikikuta kwa mgonjwa kikiwa kimeshapoa, au alikikuta kabla hajakisoma.

Yalinipata mwenyewe. Chuoni kwetu hesabu za dawa zilifundishwa mwezi wa kwanza, zikafanyiwa mtihani, nikapata alama nzuri, zikafungwa. Mara ya kwanza kugawa dawa wodini ilikuwa mwezi wa kumi. Nilipangiwa wodi ya watoto. Daktari alikuwa ameagiza miligramu 75 za dawa ya sindano. Chupa ilikuwa na miligramu 500 ndani ya mililita 5. Kanuni niliikumbuka: kilichoagizwa, gawanya kwa kilichopo, zidisha kwa ujazo. Nikapata tarakimu zote sahihi, saba na tano, lakini nukta nikaiweka pasipo pake. Nilivuta mililita 7.5 badala ya 0.75. Nilikuwa nimeshafungua chupa ya pili ili kutimiza kiasi hicho wakati muuguzi aliyekuwa zamu nami aliponishika kifundo cha mkono. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Mdogo wangu, mtoto huyu ana uzito gani?" Nilitazama kitanda. Palikuwa na mtoto mchanga wa kubebwa kwa mkono mmoja, na mimi nilikuwa nimeshika bomba la sindano lililojaa.

Mtoto yule hakupata dhara, kwa sababu ya mkono wa yule dada. Lakini kila kundi jipya linapokuja namkumbuka. Sikuwa mvivu. Nilikuwa nimefundishwa jambo, kisha nikapewa miezi tisa ya kulisahau. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alishalionyesha hili mwaka 1885 kwa kujipima yeye mwenyewe: tunachojifunza kinaanza kutuponyoka mapema sana, na kisiporudiwa huendelea kuponyoka. Kwa mwanafunzi wa uuguzi kurudia maana yake ni kushika: kuvuta dawa, kuhesabu matone, kusikiliza kifua.

Kwa hiyo hoja yangu kuhusu elimu ya dawa ni hii. Isifundishwe kama kisima kinachochimbwa mara moja na kufunikwa. Hesabu zianze mapema, sawa, kwa sababu zinahitaji muda kukolea. Lakini dawa za moyo zifundishwe na ugonjwa wa moyo, insulini na kisukari, dawa za usingizi na maumivu na upasuaji. Na kila wiki ya wodi iwe na hesabu zake. Mimi huwapa wanafunzi wangu moja kila asubuhi kabla ya makabidhiano ya zamu: mililita 1,000 za dripu ziishe kwa saa 8, mrija unadondosha matone 20 kwa mililita, ni matone mangapi kwa dakika? Anayesema 42 namwambia aende akayahesabu kwenye dripu inayotiririka, saa mkononi. Karatasi haina mgonjwa anayekunja mkono na kuzuia dripu.

Nirudi mwanzo wa njia. Vyuo vingi huanza na misingi ya uuguzi na anatomia, na hapo sina ugomvi navyo. Kunawa mikono, kutandika kitanda chenye mgonjwa ndani, kuogesha, kulisha, kugeuza, kupima joto, mapigo, upumuaji na presha, kuandika kwenye chati. Mwanafunzi aviweze hivi chumba cha mazoezi, mbele ya mkufunzi anayemwangalia hatua kwa hatua na kutia saini, kabla hajamgusa mgonjwa. Kunawa mikono kwa maji na sabuni ni sekunde 40 hadi 60 kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Nimeona wanafunzi wakiijua namba hiyo kwa kichwa huku mikono yao ikitoka kwenye bomba baada ya sekunde kumi. Sahihi ya mkufunzi isiwekwe kwa kusikia namba.

Ninachoongeza kwenye misingi, na ambacho mara nyingi huachwa hadi mwisho, ni namna ya kutoa taarifa. Muuguzi wa vitendo hufanya kazi chini ya uelekezi wa muuguzi aliyesajiliwa au daktari. Yeye ndiye anayekaa na mgonjwa muda mrefu kuliko wote, kwa hiyo ndiye wa kwanza kuona hali ikibadilika. Asipojua aseme nini, kwa nani, kwa haraka gani, macho yake yanapotea bure. Nilishapata mwanafunzi aliyehesabu pumzi 28 kwa dakika kwa mtu mzima, akaziandika vizuri kwenye chati, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Hajakosea kuhesabu. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20, na alijua. Hakuwa amefundishwa kwamba 28 ni namba ya kuinuka nayo na kwenda kumwita mtu. Alipangiwa somo la kuripoti muhula wa mwisho, chini ya kichwa "uongozi". Mhariri, hilo ni somo la siku ya kwanza.

Baada ya misingi, wanafunzi wengi hupelekwa kwanza kwenye makao ya wazee au wodi za wagonjwa wa muda mrefu. Nimesikia wazazi wakilalamika kwamba mtoto wao amekwenda kusomea uuguzi na anaogesha wazee. Nawaomba watulie. Hapo ndipo mahali pazuri pa kuanzia. Hali ya mgonjwa haibadiliki kila dakika, mwanafunzi ana nafasi ya kwenda polepole, anajifunza kuzungumza na mtu huku mikono ikifanya kazi, anajifunza kuitazama ngozi. Ngozi ni kitabu kikubwa. Alama nyekundu kwenye kisigino ambayo haipotei ukiibonyeza kwa kidole ni mwanzo wa kidonda cha mgandamizo, na mwanafunzi aliyeiona kwa macho yake, akamgeuza yule mzee kila baada ya saa mbili, akakuta imefifia, hatahitaji kukaririshwa tena sababu ya kugeuza wagonjwa.

Lakini vyuo hukosea kwa kuwaacha wazee hapo mwanzoni na kutorudi tena. Mzee ni mgonjwa mgumu kuliko anavyoonekana. Maambukizi ya njia ya mkojo au mapafu yanaweza kumjia bila homa kali. Unachokiona ni kwamba jana alikuita kwa jina na leo hajui yuko wapi. Anatumia dawa nyingi zinazogombana ndani ya mwili. Figo zake zinazitoa taratibu. Mambo haya mwanafunzi wa wiki ya sita hawezi kuyaona, hana macho ya kuyaonea bado. Ningependa arudishwe kwa wazee walewale kuelekea mwisho wa mafunzo. Nilifanikiwa kulishawishi kundi moja la wakufunzi wajaribu. Binti mmoja aliporudi aliniambia, "Mama, mara ya kwanza nilimwona bibi anayelala sana. Safari hii nimeona mtu mwenye upungufu wa maji." Midomo ilikuwa imekauka, mkojo kidogo na wa rangi nzito, presha inashuka akisimama. Mambo yaleyale yalikuwepo mbele yake tangu mwanzo wa mafunzo. Katikati alikuwa amesoma figo.

Magonjwa ya ndani na upasuaji ndiyo uti wa mgongo wa mafunzo yote, na ndipo mpangilio unapoponya au kuharibu. Kuna mitindo miwili. Wapo wanaosoma muhula mzima darasani kisha wanamwagwa wodini miezi kadhaa. Wapo wanaochanganya: siku mbili darasani, moja chumba cha mazoezi, mbili wodini, wiki baada ya wiki. Nimepokea wanafunzi wa aina zote mbili na sitaficha upande wangu. Wa mtindo wa kuchanganya huja na maswali. Jumatatu amesoma nimonia, Jumatano amesikiliza sauti za mapafu kwenye sanamu la mazoezi, Alhamisi ananiomba nimwonyeshe mgonjwa mwenye sauti hizo. Tunamkuta, anaweka kifaa mgongoni, uso wake unabadilika. Jumatatu inayofuata anarudi darasani na mtu kichwani, na kila ukurasa anaousoma anamtafuta mtu huyo ndani yake.

Haki nayo isemwe. Wanaomaliza darasa kwanza hawafanyi hivyo kwa uzembe. Vitanda ni vichache kuliko wanafunzi, wakufunzi hawatoshi kuwa sehemu mbili kwa wiki moja, na hospitali zenyewe hutaka kundi likija likae kidogo lizoee, badala ya kuonekana siku mbili na kutoweka siku tano. Hata sisi wauguzi wa wodi tunachoka kuanza upya kila Alhamisi. Kama lazima iwe hivyo, basi vipande vifupishwe: wiki nne darasani, wiki nne wodini, kwa mada zilezile. Na siku moja kabla ya kuingia wodini wanafunzi warudi chumba cha mazoezi, wafungue tena pakiti ya vifaa vya kusafishia kidonda bila kuvichafua, waweke tena mpira wa mkojo kwenye sanamu. Hilo halihitaji kujenga jengo.

Kuhusu sanamu za mazoezi na wagonjwa wa kuigiza, nilikuwa mgumu. Nilidhani ni njia ya kukwepa wodi. Utafiti mkubwa uliotolewa Marekani mwaka 2014, uliohusu wanafunzi wanaoandaliwa kuwa wauguzi waliosajiliwa, ulionyesha kwamba hata nusu ya saa za vitendo kwa wagonjwa zikibadilishwa kwa mazoezi ya kuigiza yaliyoandaliwa vyema, matokeo ya mwisho hayatofautiani. Nimelegeza msimamo, ila nashikilia maneno yale "yaliyoandaliwa vyema". Mkufunzi aliyefunzwa, tukio lenye mwanzo na mwisho, na baada yake wanafunzi kuketi na kuchambua walichofanya. Sanamu lililowekwa kona, na foleni ya watu thelathini wakilichoma sindano mmoja mmoja, si mazoezi ya kuigiza. Mimi ningeyatumia kwa yale ambayo wodi haiwezi kuahidi: moyo kusimama, mama kutoka damu nyingi baada ya kujifungua, mtoto anayekabwa. Huwezi kupanga ratiba kwamba mambo hayo yatokee Alhamisi, na huwezi kumwacha mwanafunzi ayakute kwa mara ya kwanza akiwa ameajiriwa.

Uzazi na watoto hufaa vije baada ya watu wazima. Mapigo ya moyo ya mtoto mchanga ni 110 hadi 160 kwa dakika na pumzi 30 hadi 60. Namba hizo zingekuwa dharura kwa baba yake. Mtu asiyezoea za mtu mzima hawezi kuzielewa za mtoto kama kitu kingine, huzikariri tu na kuzichanganya.

Afya ya akili ina shida yake peke yake. Karibu kila ratiba niliyoiona imeiweka mwisho au karibu na mwisho, wiki chache, kisha mtihani. Matokeo yake mwanafunzi anakaa mwaka mzima akihudumia watu wenye hofu, huzuni, hasira na wanaochanganyikiwa, kabla hajafundishwa kuketi na mtu wa namna hiyo. Wodi yangu si ya magonjwa ya akili, lakini mgonjwa aliyeambiwa leo kwamba mguu wake utakatwa hulala wodini kwangu. Kijana mmoja mwanafunzi aliulizwa na mgonjwa kama huyo, "Nitaishije?" Akamjibu, "Usijali, utapona," akaondoka haraka kwenda kupima presha za wengine. Nilimkuta nyuma ya mlango wa stoo ya shuka akilia. Alijua kwamba jibu lake halikuwa jibu, ila hakuwa amepewa jingine. Magonjwa ya akili yenyewe, na dawa zake, yanaweza kubaki mwishoni. Lakini kusikiliza, kunyamaza pamoja na mtu, kuuliza bila kumlazimisha, viingie na misingi na vipimwe kama kupima presha kunavyopimwa.

Kisha ziko zile wiki za mwisho, ambazo kwangu ni za thamani kuliko zote na ndizo zinazoliwa kirahisi. Mwanafunzi anatakiwa awekwe na muuguzi mmoja, zamu zake ziwe za muuguzi huyo, usiku ukiwemo. Aanze na mgonjwa mmoja wa kumhudumia kikamilifu, wawe wawili, wafike wanne au watano. Hapo ndipo anajifunza jambo lisilofundishika kwa mada: nani kwanza. Kengele mbili zinalia, dripu imekwisha, ndugu wa mgonjwa anakuita, na dawa za saa mbili bado. Nimeshuhudia vyuo vikikata wiki hizi nusu ili wanafunzi warudi kukariri kwa ajili ya mtihani wa leseni. Naelewa hofu ya mkuu wa chuo, ambaye chuo chake hupimwa kwa idadi ya waliofaulu. Lakini mtihani huo huo huuliza umwone mgonjwa gani kwanza, na mahali pa kujifunza jibu lake ni pale ambapo wagonjwa wote wanne wanakuhitaji kwa pamoja.

Sasa ninachoomba. Wakuu wa vyuo, kabla muhula haujaanza, leteni ratiba ya darasa wodini. Si barua ya kuombea nafasi yenye idadi ya wanafunzi na tarehe, hiyo tunaipata. Leteni mada za kila wiki. Msimamizi wa wodi ataziangalia na kuwaambia, wiki ya tatu msituletee wanaosoma kisukari, kliniki ya kisukari na wagonjwa wake wengi huja wiki ya kwanza ya mwezi. Upasuaji wa kupangwa hufanyika Jumanne na Jumatano, kwa hiyo wanaosoma huduma baada ya upasuaji waje Jumatano na Alhamisi. Taarifa hizo tunazo vichwani, hakuna aliyewahi kutuuliza. Katika miaka 14 niliyolea wanafunzi ni chuo kimoja tu kilichofanya hivyo, tena kwa mihula miwili, mkufunzi aliyelianzisha akahamishwa na likafa.

Na ninyi mnaotaka kujiunga na mafunzo haya, au mnaomlipia mtoto, mkifika chuoni kuuliza ada ombeni pia kuona jedwali la masomo na la wodi, yote mawili, myalaze pamoja mezani. Tazameni hesabu za dawa zinafundishwa lini na mwanafunzi anaanza kugawa dawa lini. Tazameni kama mada na wodi vinakutana ndani ya wiki nne. Ulizeni nani atakuwa naye wodini, mkufunzi wa chuo au ataachiwa kwa muuguzi mwenye wagonjwa thelathini. Ulizeni wiki za mwisho zinafanya nini.

Wodini kwetu kundi jipya linakuja mwezi ujao. Nimeshapiga simu chuoni mara mbili kuomba ratiba yao ya darasa, nimeambiwa inachapwa. Nitapiga tena Jumatatu.

Wako,
Muuguzi mlezi wa wanafunzi,
Wodi ya magonjwa ya ndani